Maneno yangu ya mota, mume wangu anamfundishia mwalimu wa Kisarawe

Admin, habari za kazi. Jina langu lifiche kabisa, mume wangu ni mwalimu na wanafunzi wake wengi wanakusoma hapa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Tangini, Kibaha, na mume wangu na binti yetu mdogo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nimesomea umeme chuoni. Nilikuwa kiwandani kwenye matengenezo ya mashine mpaka nilipojifungua. Mtoto alikuwa anaumwaumwa, tukakubaliana nikae nyumbani kwanza. Hiyo "kwanza" ndiyo mpaka leo.

Mume wangu anafundisha fizikia sekondari na anaandaa wanafunzi kwa mashindano ya roboti. Tulijuana kwa hayohayo. Alikuja kiwandani kutafuta mtu wa kumsaidia kuchagua mota, wakanisukumia mimi. Kwa wasiojua, hizi mota ndogo kwa macho zinafanana, lakini kila moja ina sifa zake: inataka volti ngapi, inazunguka kwa kasi gani, inavuta mzigo gani, na ikizidiwa inakula umeme kiasi gani. Ukikosea hapo, roboti inakufia mbele za watu. Tulikaa tukazikagua moja moja, nikamweleza, na kabla hajamaliza kuzielewa barua ya posa ilikuwa imeshafika kwetu. Hata baada ya ndoa hakuwahi kununua mota bila kuniletea niione. Wenzangu waliletewa chipsi jioni, mimi naletewa mota, na nilikuwa na furaha kuliko wao.

Mwaka huu shule yake imeungana na shule moja ya Kisarawe wakawa timu moja. Huko kuna mwalimu wa kike, nimwite Madam. Binti mdogo, ajira mpya, yeye ndiye anayeandika programu ya roboti. Tangu hapo Jumamosi zote ni Kisarawe. Asubuhi mume wangu anawasha pikipiki, anashika njia ya Kiluvya, jioni anarudi na vumbi na furaha. Simu ikiita tunakula, anatoka nayo barazani. Nasikia volti, nasikia giya, halafu nasikia kicheko. Jamani, ningesikia "mpenzi" ningejua pa kuanzia.

Nikapekua simu yake, siwafichi. Sikukuta neno chafu hata moja. Nilikuta picha za mota zimepangwa mezani, na Madam anauliza, "Hii itatosha, mwalimu?" Na mume wangu anamjibu kwa marefu na mapana, asitazame kasi tu, mota yenye haraka siyo yenye nguvu. Hayo ni maneno yangu. Niliyasema mimi, kiwandani, nikiwa na grisi mikononi, na yeye akinitazama kama ananiona peke yangu duniani. Nililia kama mtu aliyekuta picha za gesti.

Wiki iliyopita alirudi na mota za roboti ya mwaka huu, akaziacha mezani akaenda msikitini kuswali magharibi. Nikasoma maandishi yaliyochapwa juu ya mota, nikachukua betri nikaizungusha moja. Kasi inayo. Nikaibana kwa vidole, ikasimama. Mota ambayo mtu anaisimamisha kwa vidole haiwezi kupandisha roboti na mzigo kwenye mwinuko wanaowekewa siku ya mashindano. Itakwama, itavuta umeme mwingi, itaunguza na kile kibao cha umeme kinachoiendesha. Yaani alikuwa amefanya kosa lilelile analomkataza mwenzake kwenye simu.

Aliporudi nikamwambia kwa upole kwamba hizi hazifai, atafute zenye giya kubwa zaidi, zinazozunguka polepole lakini zinavuta. Akasema ameshazikagua, na Madam ameziona ameridhika. Hapo upole ukaniisha. Nikamuuliza tangu lini Madam anaridhia vitu vya humu ndani.

Akanitazama, akasema taratibu, "Mke wangu, usiniletee wivu kwenye mota."

Nikambeba mtoto nikaingia chumbani. Na ukweli ni kwamba tangu siku ile nimekuwa nikiomba ziungue. Ziungue mbele ya Madam, moshi utoke, halafu arudi nyumbani kuniuliza. Kisha nawakumbuka wale watoto waliojinyima likizo kwa ajili ya hiyo roboti, naona aibu. Haipiti saa, naombea tena.

Jana mchana simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Kisarawe, nafanya roboti na mwalimu."

Niliitikia marahaba. Akasema namba yangu aliihifadhi siku mume wangu alipompigia kwa simu yangu, akanieleza kwamba mota zinapata moto roboti ikianza kupanda, na mashindano ni wiki ijayo. Amemwomba mume wangu aniite nizitazame, mume wangu akakataa, akasema nina mtoto, nisisumbuliwe. Akaniambia kila wakifundisha, mume wangu huwaambia wanafunzi kwamba mota alifundishwa na mke wake. Nikakaa chini. Sifa zangu zinasemwa Kisarawe, huku Tangini hazifiki.

Akamalizia, "Njoo Jumamosi, dada, ila mwalimu asijue kama nimekuita mimi. Na mtoto usiwe na wasiwasi, nitambeba mimi."

Ndugu zangu, hapo ndipo aliponichoma. Maneno yangu anayo, Jumamosi za mume wangu anazo, sasa na mwanangu ambebe yeye, mimi nikiinama kwenye mota zao. Na bado sina ubaya wowote wa kumshika nao. Aliongea kwa adabu na mimi nikamjibu kwa ukavu kwamba nitafikiria.

Mota zinazofaa nazijua, na hata duka zilipo nalijua. Nikienda, nitakuwa nimewaokoa watoto na nimempa huyo binti sababu nyingine ya kucheka na mume wangu. Nisipoenda, roboti itaungua na mimi ndiye niliyejua. Na nikimwambia mume wangu kwamba nimeitwa, atasema wivu.

Keshokutwa ni Jumamosi. Dada zangu na kaka zangu, ingekuwa wewe ungeenda Kisarawe? Nishaurini bila kunitukana, nasoma kila mtakachoandika.