Jicho na Kona ya Nne

Mdogo wangu jina lake halisi watu wameshalisahau. Wote humwita Jicho. Ni mchoraji wa mabango na kuta, na miaka yote hajagusa rula. Hufumba jicho moja, akavuta brashi, na mstari ukanyooka kuliko tabia yake. Aliwahi kuchora mlango kwenye ukuta mtupu wa duka. Mlevi mmoja akabisha hodi pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaondoka akilalamika kwamba wenyeji hawana adabu. Nilikuwepo. Asiyeamini akamuulize mlevi.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kinyozi akamkimbia Jicho, mwenye duka la dawa akamkimbia, hata fundi viatu. Akabaki na makopo ya rangi yaliyoota ngozi. Ndipo mwalimu wa sayansi wa shule ya mtaani kwetu alipomwita.

Mwalimu huyu ana watoto sabini na simu tatu za shule. Masomo yake ameyarekodi kwa sauti na picha, na kila somo lina msimbo wake wa QR, ule mraba wa vijumba vyeusi na vyeupe, utadhani kuku kakanyaga masizi akacheza. Mtoto akiuelekezea kamera ya simu, somo linafunguka, hata mwalimu akiwa darasa jingine. Shida ni karatasi. Akibandika Jumatatu, ikifika Ijumaa imechanika, imelowa, au imeliwa na mbuzi. Yuko mbuzi mmoja nadhani sasa anaijua sayansi mpaka ya darasa la sita. Mwalimu akataka misimbo ichorwe ukutani kwa rangi.

Mwalimu mkuu yeye alitaka mabango ya mashine. Wakapatana hivi: Jicho achore ukuta mmoja wakati wa likizo. Simu zikiusoma Jumatatu ya kufungua shule, kuta zote sita ni zake. Zisiposoma, kazi inakwenda kwa mashine, na mtaani hakutakuwa tena na ukuta unaomngoja.

Akamaliza kwa siku moja, akatuita. Ulipendeza kweli. Mwalimu akaelekeza simu. Kimya. Akasogea, akarudi nyuma, akafuta kioo kwa upindo wa gauni. Kimya. Jicho akasema simu hiyo mbovu, ya pili nayo mbovu, na ya tatu ni ndugu yao.

Mwalimu akaiweka karatasi kando ya mchoro. "Fundi, mraba huu mkubwa wa chini kulia umeutoa wapi?"

"Kona tatu wameziwekea, ya nne wameisahau. Mimi sitoi kazi nusu, Mwalimu."

"Hawakusahau. Simu hutafuta hizo tatu ijue juu ni wapi na chini ni wapi. Na hapo ulipojaza ndipo palipokuwa na maelezo ya somo. Umeyafunika."

Njiani nilimtania kwamba ameishinda karatasi kwa uzuri, kilichobaki ni kuishinda kwa kusomeka. Asubuhi akapaka ukuta wote rangi nyeupe, akaanza upya. Safari hii kona ya nne aliiacha kama ilivyo, lakini roho ikamuuma kuuona mchoro umekaa uchi, akauzungushia maua mekundu mpaka ukingoni. Simu zikakataa tena. Mwalimu akamweleza kwamba pande zote lazima zibaki nyeupe, la sivyo simu haijui mchoro unaanzia wapi.

Mwalimu mkuu akapita, akamwambia kwa upole asijisumbue zaidi, bei ya mashine ameshaipata. Jicho akaweka brashi chini. Nikadhani mambo yamekwisha.

"Ulinipa mpaka Jumatatu, Mwalimu Mkuu," akasema. "Leo Jumamosi."

Akaenda akaazima rula. Mimi dada yake nilimgusa paji la uso nione kama ana homa. Akaupaka ukuta rangi nyeupe tena, akapiga mistari kwa penseli, vijumba ishirini na tano kwenda chini, ishirini na tano kwenda kando, kila kimoja sentimita nne. Shule sikwenda, lakini nyeusi na nyeupe nazijua. Nikashika karatasi, namsomea kijumba kimoja kimoja. Mstari wa kumi na saba nikachomekea kidogo habari za shangazi yetu na waume zake, tukapotea. Akaukwangua mstari mzima kwa kisu.

"Dada, leo nataka rangi mbili tu kinywani mwako."

Nikatii. Toka nizaliwe sijawahi kusema maneno machache hivyo. Jumapili alasiri akajaza kijumba cha mwisho, akakaa chini akakunja vidole kimoja kimoja, vilikuwa vimekakamaa.

Jumatatu watoto wakajaa uani. Mwalimu akainua simu, na kabla mkono haujatulia, sauti yake mwenyewe ikatoka mle ndani ikieleza mbegu inavyoota. Mwalimu mkuu akajaribu kwa simu yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mbegu ikachoka kuota. Akampa Jicho mkono.

"Karatasi tano zilizobaki ziko wapi?" Jicho akamuuliza.

Akaambiwa ziko ofisini, aje kesho. Jicho akasema ofisi si mbali. Mwalimu mkuu alipokwenda kuzichukua, mdogo wangu alikuwa ameshachota ndoo ya maji, anasugua ukuta wa pili.