Mafuta ya Kitani kwa Bunduki ya Kapteni

Hajarah, mama wa Zubaida, alikuwa mke wa Badiru, fundi samani wa Tororo. Mumewe akichonga, yeye ndiye aliyepiga msasa na kupaka, tangu walipooana. Mwaka 1977 watu waliovaa kiraia walimtoa Badiru karakanani mchana kweupe, wakamtia garini. Hakuna aliyemwambia Hajarah kosa la mumewe wala alikopelekwa.

Mwezi uliofuata Kapteni Oluka alimletea bunduki yake ya kuwindia. Vanishi ya kitako ilikuwa imebabuka, mbao imepauka.

"Mama Zubaida, mimi nataka ing'ae kama kioo. Kesho kutwa nakuja kuchukua."

Vanishi ilikuwepo rafuni, nusu kopo. Hajarah aliitazama, kisha akamtazama yule mtu mwenye nyota mabegani, aliyeingia bila shida kwenye milango ya kambi alikofukuzwa yeye akimtafuta mumewe. Kwa vanishi, angerudi mara moja tu.

"Afande, jua likiipiga vanishi itapasuka tena. Hii inataka mafuta ya kitani, yanywewe na mbao. Lakini ni kazi ya polepole. Napaka, nasugua, naacha yakauke, napaka tena. Uwe unapita kila Ijumaa uone."

Hakusema uongo. Badiru naye angechagua mafuta, ila angemaliza mapema zaidi.

Madukani Tororo hapakuwa na kitu, kwa hiyo alikwenda Busia, akavuka upande wa Kenya, akarudi na chupa aliyoifunga ndani ya khanga. Alikwangua vanishi kuukuu kwa kipande cha kioo, akapiga msasa, akamimina mafuta kiganjani na kusugua hadi mbao ikapata joto.

Ijumaa ya kwanza aliuliza habari za mumewe.

"Nitaulizia," alisema kapteni.

Ijumaa ya pili alisema, "Yuko hai. Amekonda kidogo tu." Siku hiyo Hajarah alikula bila kubembelezwa.

Ijumaa ya tatu kapteni hakumtazama usoni. Alipitisha kidole juu ya kitako. "Hii imekwisha, mama."

"Bado mkono mmoja wa mafuta, afande."

Kapteni aliondoa kidole. "Haya. Paka tena." Akaondoka mikono mitupu.

Hakurudi. Baada ya Ijumaa mbili akaja koplo asiyemfahamu.

"Nimekuja kuchukua bunduki."

"Kapteni Oluka mwenyewe yuko wapi?"

"Hiyo jina usitaje tena. Lete bunduki."

Hajarah alimkabidhi. Kitako kilikuwa laini, chekundu cha kuiva, na michirizi ya mti imejitokeza yote. Hakuwahi kupaka kitu kikatoka vizuri hivyo. Koplo aliitupa nyuma ya gari juu ya magurudumu ya akiba.

Hajarah akaingia ndani kwa mama mkwe wake.

"Mama, Badiru harudi. Nakaa eda."

Mama mkwe hakumuuliza amesikia nini, wala kwa nani. Alifungua sanduku, akamtolea nguo nyeupe, kisha akaketi kando yake kwenye mkeka, wakalia pamoja.