Kaburi Nililompa Mpimaji

Mtaani kwetu Ngokolo tulichoka kusubiri mji upangwe kutoka juu. Tuliunda kamati, tukamleta mpimaji, tukakubaliana kila kiwanja kimegwe hatua tatu ili tupate njia ya gari la wagonjwa, mtaro wa maji ya mvua na uwanja mdogo wa watoto kuchezea. Katibu nilikuwa mimi, na ndimi niliyewapasha waliosita: kwani uzio wako wa minyaa una thamani kuliko afya za watu?

Kisha kamba ya mpimaji ikafika kwangu. Ilipita katikati ya msingi wa fremu ya duka, jasho langu la miaka yote ya machimboni Geita. Pembeni palikuwa na rundo la mawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Nikayanyooshea kidole, nikasema, "Hapo nimemlaza mwanangu mchanga."

Kwetu kaburi la nyumbani halibishiwi. Wajumbe walivua kofia. Mpimaji akakunja kamba, mtaro ukapindishwa kuelekea kwa jirani yangu, bibi mjane anayeishi na mjukuu wake. Yeye ndiye aliyekubali wa kwanza. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona mjanja.

Mvua za kwanza maji yalishuka kwa kasi, yakashindwa kukata ile kona, yakamwagikia kisimani kwake pamoja na uchafu wa vyoo vya juu. Mjukuu aliharisha mpaka akalazwa. Nilikwenda kumjulia hali na machungwa yangu, nikashindwa kumtazama bibi yake usoni. Mtoto alipona. Kisima kilifukiwa.

Siku waliyorudi kutoka hospitali nilimkuta yule bibi ameinama kwangu, anang'oa magugu kati ya yale mawe.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia kama mama yangu. "Unafanya nini tena?"

"Marahaba, baba. Nimeona maji yamefika mpaka huku. Unisamehe, mtaro wa upande wangu ulitakiwa kuzibuliwa, nami nikawa wodini. Mtoto wako asilale kwenye matope." Akafuta jiwe moja kwa ncha ya kanga. "Alikuwa anaitwa nani?"

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Nikamtajia jina.