Machicha kwa Ng'ombe wa Mahari

Ipo siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka, mwanangu, natembea kifua mbele. Nilikuwa mpishi katika nyumba kubwa ya Lavington, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, na mwenye nyumba aliniruhusu kufuga ng'ombe mmoja nyuma ya bustani. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mdogo wangu Wafula, seremala wa Woodley, na alikuwa wa mahari. Kwetu wakwe huja kumtazama ng'ombe kwanza, ndipo binti atoke. Na kiangazi kilikuwa kimemwacha wetu mbavu nje.

Wakwe walitarajiwa Jumapili. Ijumaa Wafula akaja na mkokoteni, gunia limejaa machicha ya busaa, yale makapi ya nafaka yanayobaki pombe ikishachujwa.

"Dada, mwaga yote ashibe," akaniambia. "Mzee akiona hii ng'ombe imekonda hivi, atanikatalia."

Moyo uliniuma, maana nilimpenda mdogo wangu. Lakini ng'ombe yule alizoea nyasi tu. Nilishamwona wa jirani kule Kawangware akijaziwa machicha ghafla; ubavu wa kushoto ukavimba kama ngoma, akaanguka, akafa. Nikachukua konzi moja, nikaichanganya na nyasi kavu. Yaliyobaki nikayaanika sakafuni mwa stoo yasioze, nikafunga mlango, ufunguo nikautia kifuani, mahali ambapo Wafula asingethubutu kutafuta.

Alikasirika hata chai akaikataa. "Wewe unataka nikose bibi."

"Nataka upate bibi na ng'ombe akiwa hai," nikamjibu.

Jumapili mzee, baba wa binti, alimzunguka ng'ombe, akambonyeza ubavu. "Mama, mbona hii haijanona?"

Wafula aliinama. Nikasema wazi kwamba chakula kipya ndiyo kwanza anakianza, namwongezea kidogo kidogo, na mvua zikinyesha atamkuta amenona. Mzee akamgeukia Wafula.

"Basi binti yangu aje. Huyu dada yako hawezi kuua kitu ya mtu ndiyo apendeze wageni."

Mvua ziliponyesha, ng'ombe alikuwa anamaliza karai zima la machicha na manyoya yanang'aa. Nilimpandisha lori la kwenda kwa wakwe mimi mwenyewe, na sikuona haya kuringa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kumbadilishia ng'ombe chakula, usimshtue. Mpe nyasi kavu kwanza, maji yasikosekane, na kipya kiwe konzi ndani ya kile anachokijua. Ongeza polepole, ukitazama kinyesi chake na kama anacheua. Akiacha kucheua au ubavu ukianza kujaa, simamisha kile kipya na umwite daktari wa mifugo mapema. Anayekuharakisha, mwache anune.

Mungu akujalie zizi lenye uhai, na akupe uso mkavu wa kusema "bado" mbele ya wale unaowapenda.