Hamu ya Aziza na Jibu Nililomnyima

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lenye jina la muuguzi mwingine kifuani, na rundo la fishi, yaani kadi za matibabu, za wanawake. Kilikuwa kituo cha afya cha Muhuta, kando ya barabara ya ziwa. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Rumonge, nimelelewa katika nyumba ambayo mambo ya kitandani hayakutajwa hata kwa mafumbo, na sasa nilikuwa nimepangiwa chumba cha uzazi wa mpango.

Mkuu wa kituo, ambaye huku kwetu huitwa titilere, alikuwa mzee mpole mwenye haraka. Alinifundisha kazi yote kwa asubuhi moja. Vidonge humezwa kila siku, saa ile ile. Sindano hudungwa kila baada ya miezi mitatu. Vijiti ni vifimbo laini, vyembamba kama njiti ya kiberiti, vinavyoingizwa chini ya ngozi ya mkono na kutoa dawa polepole kwa miaka. Vyote hivyo hufanya kazi kwa homoni, yaani vichocheo vinavyoamrisha mwili usipevushe yai.

"Salima, iko mambo matatu ya kuuliza," alisema. "Damu, kichwa, na tansiyo, ile presha. Ukimaliza unadunga, unaandika randevu, siku ya kurudi, unaita mwingine."

"Na kama mama ana neno lingine?"

"Neno lingine ni la nyumbani kwake."

Sikumwona mkatili. Benchi la nje lilikuwa limejaa, na wengi waliokaa pale walikuwa wanawake waliochoshwa na kuzaa. Nilidunga, niliandika, niliita.

Pale Muhuta ndipo nilipomjua mama mmoja aliyetoka Uvira, muuza mihogo, mwenye watoto saba. Alipokuja kwa sindano ya tatu aliniinamia akacheka. "Mama, mimi zamani nilikuwa nalala na bwana yangu huku nahesabu siku. Leo sihesabu. Sasa ndiyo najua ndoa iko na utamu." Nilicheka naye mpaka titilere akachungulia mlangoni. Namtaja kwa sababu sitaki wasichana wasomao haya wadhani dawa zile zilikuwa ubaya. Wengi ziliwatoa kwenye hofu, na hofu ikitoka, mwili hufurahi.

Lakini walikuwapo wengine. Walingoja mpaka nimalize kuandika, kisha wakasema kwa sauti ya chini: "Nimekauka." "Sina hamu." "Akinigusa naona kama ananisumbua." Niliwapa jibu nililolisikia kwa wakubwa zangu: ni kawaida, itapita. Kwa baadhi yao ilipita kweli. Kwa wengine sikujua, maana hawakurudi, na kwenye fishi zao tuliandika "ameacha."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Magara, kwenye kituo kidogo karibu na mwalo wa samaki. Huko nilimkuta titilere mwingine, mwanamke, mchapakazi, mwenye daftari la hesabu lililotundikwa ukutani. Kila mwezi msimamizi alitoka wilayani kuja kuhesabu wanawake wangapi wameanza njia ya kupanga uzazi na wangapi wameiacha. Aliyetolewa kijiti alihesabiwa kuwa hasara. "Mama Salima," titilere aliniambia, "kutoa ni rahisi. Kazi yako ni kumufanya abaki."

Aziza aliletwa kwetu akiwa amebeba mgongoni mtoto wake wa tatu, bado mchanga. Alikuwa mkaushaji wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, Mwislamu kama mimi, mwenye mikono yenye harufu ya samaki na kicheko kilichosikika kabla yeye hajafika. Watoto wake wote watatu walitolewa kwa upasuaji. Daktari wa hospitali alikuwa ameandika kwenye karatasi yake kwamba mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba penye kovu, mimba nyingine inaweza kuupasua. Nilimwekea kijiti siku hiyo hiyo, nikamfunga bendeji, nikamwambia hofu imekwisha.

Miezi michache baadaye alirudi. Damu ilikuwa inatoka kidogo kidogo, siku tatu inakata, siku tano inarudi. Hakujua lini aswali na lini asiswali, wala lini anaruhusiwa kulala na mumewe. Nilimwambia itapita. Ilipita, lakini akarudi na neno jingine.

"Mama, moto umezimika. Si kwamba simupendi Hamisi. Nampenda. Ila akinikaribia, mwili hauitiki. Na akiingia naumia."

"Ni kawaida," nilisema. "Umechoka. Watoto watatu, na kazi ya ndagala."

"Nilikuwa nimechoka hata zamani," alijibu. "Na zamani nilikuwa namungoja."

Wiki ile ile Hamisi mwenyewe alikuja. Ni nadra mwanaume kuingia chumba kile. Alikuwa mvuvi mrefu, mwenye aibu, akasimama badala ya kukaa. "Shikamoo mama. Naomba kuuliza. Mke wangu ananisukuma. Nimemukosea nini? Aniambie kama kuna kosa, nitengeneze."

Ningeweza kumweleza kwamba hana kosa, wala mkewe hana, na kwamba kwa wanawake wengine homoni hupunguza hamu na kukausha uke, jambo nililokuwa nimelisikia kwa wanawake wenyewe kwa miaka. Nilimwambia awe na subira. Alinishukuru, akatoka.

Mara ya tatu Aziza hakucheka kabisa. Alinyoosha mkono juu ya meza. "Nitolee."

"Karatasi ya daktari unaijua."

"Naijua. Basi nipe kitu kingine. Haiko kingine?"

Kilikuwapo. Hospitali ya Rumonge kulikuwa na kitanzi cha shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Hakina homoni hata chembe. Huenda kingemwongezea damu ya mwezi, lakini hamu yake kisingeigusa. Kituoni kwetu hapakuwa na aliyefundishwa kukiweka. Ilitakiwa nimwandikie barua ya rufaa, na mtu wa rufaa alifutwa kwenye hesabu yetu, akaandikwa hospitalini. Msimamizi alikuwa anatarajiwa wiki ile. Titilere alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

"Vumilia kidogo," nilimwambia. "Mwisho wa mwezi njoo tuone."

Mwisho wa mwezi hakuja. Alikuwa amepanda gari mpaka Nyanza-Lac, kwa mtu mwenye zahanati ya uani, akachanwa mkono na kutolewa kijiti. Miezi miwili mitatu ikapita. Siku moja nilisikia kicheko chake nje kabla sijamwona. Aliingia bila kuitwa, akafunga mlango, akanishika mabega.

"Mama Salima, nimerudi! Mwili umerudi. Hamisi anasema ameoa upya."

Alikuwa amenawiri. Ngozi iling'aa, macho yalicheka yenyewe. Nilifurahi naye, Mungu anajua, kisha nikaogopa. Nilimuuliza sasa wanajikinga na nini. Akasema anahesabu siku, na Hamisi anajizuia. Pale pale ningechukua kalamu nimwandikie rufaa. Badala yake nilianza kumgombeza kwa kutoa kijiti kienyeji, na jinsi nilivyomgombeza ndivyo uso wake ulivyofungika. Akasimama. "Sawa mama. Murakoze," akashukuru kwa Kirundi. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikamwambia aje Jumatatu nimwandikie barua ya kwenda Rumonge. Aliitika bila kugeuka.

Jumatatu hakuja. Nilijua nyumba yake ilipo, ni mwendo mfupi kutoka kituoni, na sikwenda.

Alipokuja tena alikuwa na mimba ya miezi minne. Safari hii niliandika barua mara moja, nikamsindikiza hospitali mwenyewe, na kila mwezi nikafuatilia. Daktari alipanga kumpasua kabla ya uchungu kuanza. Uchungu ulianza wiki mbili mapema, mchana, akiwa anageuza ndagala kwenye nyavu za kukaushia. Walimleta kwetu kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande wa milimani. Nilimwekea maji ya mshipa na kumshika mkono. Tumbo lilikuwa limebadilika umbo, nami nilijua maana yake. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mtoto anacheza?"

Nikasema anacheza. Nilikuwa nimeshasikiliza kwa kipimo, na sikusikia kitu. Gari lilipofika, Aziza naye alikuwa amenyamaza.

Katika ripoti tuliandika kwamba mgonjwa aliacha njia kwa hiari yake. Titilere aliandika, mimi nikatia sahihi.

Baadaye nilihamishiwa Rumonge, nikafundishwa kuweka kitanzi. Ni kazi ya dakika kumi. Kila nilipokiweka mikono yangu iliona aibu. Nilimwomba mkuu wangu mpya turuhusiwe kuwauliza wanawake kama bado wanafurahia ndoa zao. Aliniangalia kwa huruma. "Mama, wanawake mia wanangoja, na wewe unataka kuzungumza furaha?" Niliendelea kuuliza kwa siri. Wengine walilia kwa kuulizwa tu. Nilipostaafu, muuguzi kijana aliyechukua nafasi yangu nilimsihi aendelee. Nimepita pale mara mbili tangu hapo, nikakaa kwenye benchi kama mgeni, nikamsikia kupitia pazia: ni kawaida, itapita.

Wanaostaafu huandika kwamba wameiacha kazi mahali pema kuliko walipoikuta. Mimi siwezi. Dawa zimeongezeka, fishi zimekuwa nzuri, na mwanamke bado hutoka na aibu yake aliyoingia nayo.

Mwezi uliopita, sokoni Rumonge, mwanaume mrefu mwenye mvi aliniita kwa jina. Alikuwa Hamisi. Aliwaita binti zake wawili, sasa wasichana wakubwa, wakanisalimia kwa kupiga magoti.

"Huyu ndiye Mama Salima," aliwaambia. "Ndiye alimuchunga mama yenu mpaka mwisho. Mushukuruni."

Wakanishukuru. Nami nikaitikia.