Jina Moja, Wasichana Wawili

Nilisafiri kwenda Kisumu kwa sababu ya maneno machache niliyoyasema nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nyinyi wa kwetu Machakos mnanijua kama binti aliyejitolea Nairobi wakati wa msiba wa chuo, na kanisani mlinisimamisha mkanipigia makofi. Sikuwahi kuwapa habari nzima.

Wiki ile magaidi walipowaua wanafunzi kule kaskazini mashariki, wazazi walikusanyika katika ukumbi mmoja wa Nairobi kungoja majina. Kazi yangu ilikuwa kugawa chai na blanketi. Jioni ya siku ya pili aliyekuwa akisoma orodha ya walionusurika alikaukiwa na sauti, nikapewa kipaza sauti mimi. Nikasoma jina la Adhiambo, majina yake yote matatu. Mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu akaja mbio hadi mezani pangu.

"Una hakika, madam?"

Nikatazama karatasi. Jina lilikuwepo, herufi kwa herufi.

"Nina hakika, Mzee. Binti yako ni mzima. Wanafunzi watasafirishwa hadi makwao. Nenda nyumbani ukamngoje."

Chuoni walikuwepo wasichana wawili wenye jina hilo. Namba ya usajili ilikuwa imeandikwa pembeni, na sikumwomba namba ya binti yake. Siku mbili baadaye alipigiwa simu arudi Nairobi, mochari.

Zaidi ya miaka kumi nilijiambia kwamba yeyote angekosea. Mwaka huu, siku ya kumbukumbu ilipokaribia, nilimpigia simu Bwana Hamisi wa Kisumu, ambaye ndiye aliyewaendesha wazazi wa huko hadi Nairobi kwa gari lake na kuacha namba yake pale ukumbini, nami nikaitunza. Nikamwambia mimi ni nani.

"Njoo," akasema. "Lakini usije ukitaka kufarijiwa. Faraja huku imetuishia."

Alfajiri ya Alhamisi nilipanda basi Nairobi. Mlangoni mlinzi alipitisha kifaa chake cha kukagua silaha juu ya mikoba yetu, harakaharaka. Msichana aliyevaa hijabu alipofika, mkoba wake ulimwagwa chini wote: kitana, daftari, chupi, mkate. Kisha ukapekuliwa tena. Hakuna aliyesema neno kwenye foleni ile. Nami sikusema.

Saa tano tulikuwa Kericho, majani ya chai yamelowa mvua. Tulipoteremka hadi Ahero joto likatupokea, na saa nane kasoro nikashuka Kisumu.

Bwana Hamisi ni mtu wa makamo, mfupi, babu yake alitoka pwani na bibi yake alikuwa Mluo. Anakodisha mahema, viti na sufuria kubwa za sherehe. Alinikaribisha dukani kwake karibu na mtaa wa Nyalenda, akaagiza chai, akanieleza yaliyofuata baada ya sentensi yangu.

"Baba Adhiambo alirudi hapa akicheka peke yake. Akachukua mahema mawili na sufuria sita. Ng'ombe akachinjwa, watu wakaimba siku mbili. Simu ilipokuja tulikuwa bado tunakula. Mahema hayakushushwa, dada yangu. Hatukufungua hata kamba. Sherehe ikawa matanga, sufuria zile zile."

"Na wewe? Watu walikufanyaje?"

Akatazama mlango. "Vijana walikuja na mawe. Walisema Waislamu ni wamoja. Mama Adhiambo alisikia. Hajamaliza hata wiki tangu azike, akaleta karai lake la samaki akakaa pale mlangoni. Siku tatu aliuza samaki pale. Nani angerusha jiwe?"

Nikasema huo ulikuwa wema mkubwa.

"Ulikuwa," akajibu. "Lakini wanangu wote wawili walihama. Wateja wa zamani wengine hupita upande ule wa barabara mpaka leo. Mama mmoja hawezi kukaa mlangoni miaka yote."

Alasiri alinipeleka Dunga, ufukoni mwa ziwa. Mama Adhiambo alikuwa ameketi kwenye stuli fupi, anapaa magamba ya samaki wa ngege kwa kisu kilichochakaa makali. Bwana Hamisi alimwambia kwa Dholuo mimi ni nani, kisha akasogea mbali. Mkono wa yule mama ulisimama, halafu ukaendelea.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha nilikupa zamani, bila kukujua. Ilikuwa inanichosha." Akamtupa samaki kwenye karai. "Mimi niliona mkono ya mtoto yangu kule mochari. Kidole yake ilikuwa na alama ya moto ya jikoni. Nikajua. Lakini baba yake alikataa kuingia. Alisema madam amesoma jina, Adhi ako mzima, hii ni mtoto ya watu. Hata siku ya kuzika alikaa ndani ya nyumba."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Ndiyo nilitoka pale nikakuja huku kwa dada yangu. Mimi nalia, yeye ananiuliza nalilia nani. Nyumba haiwezi kuwa na mambo hizo mbili." Kisha akaniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Kesho enda umwambie. Mchungaji amemwambia, chifu amemwambia, mimi nimemwambia. Ni wewe peke yako hajasikia."

Asubuhi ya Ijumaa tulitoka na gari la Bwana Hamisi, tukapita Kisian, tukashika njia ya kushoto kuelekea Bondo, kwao Baba Adhiambo. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayasoma njiani hadi yakapoteza maana.

Saa nne tulifika kwenye uwanja wa kanisa ambako familia za eneo lile hukutana kila mwaka siku ya kumbukumbu. Bwana Hamisi alikuwa ametoa viti bila malipo kama kawaida yake. Viti vingi vilibaki vitupu. Miaka ya kwanza, aliniambia, wakubwa walikuja na maua na kamera. Sasa alikuja msaidizi wa chifu, akatazama saa yake mara kwa mara. Mchungaji aliomba. Shehe mmoja mzee wa mjini aliomba. Wanawake wawili waliinuka shehe alipoanza, wakaenda kusimama kando ya ua mpaka alipomaliza. Hakuna aliyewakemea, na wao hawakuonekana wana hasira. Walionekana wamechoka tu.

Kisha majina yakasomwa. Baada ya kila jina watu waliitikia, "Tunamkumbuka." Jina la Adhiambo lilipotajwa, hakuna aliyefungua kinywa. Nyuma kabisa mwanamume mrefu akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu darasani, "Ako." Akaketi. Msomaji akangoja kidogo, akaendelea na jina linalofuata. Nilielewa kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya kila mwaka. Hiyo ndiyo huruma waliyobakiwa nayo.

Saa nane mchana nilikwenda nyumbani kwa Baba Adhiambo peke yangu. Nilimkuta amepiga magoti pembeni ya ua, anang'oa magugu kuzunguka kaburi la saruji. Lilikuwa safi kuliko nyumba yenyewe.

"Karibu," akasema bila kugeuka. "Huyu ni mtoto wa watu. Namchunga tu, wenyewe wakikuja wasikute msitu."

"Mzee, habari ya mchana."

Akageuka upesi, uso wake ukafunguka. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

"Hiyo sauti! Wewe ni madam wa ile siku. Sura ilinipotea, lakini sauti nasikia kila siku." Alikuwa tayari amesimama, anajifuta mikono kwenye suruali, ananivutia kiti. "Nilijua utakuja. Niliwaambia. Sasa niambie, ako wapi?"

Karatasi yangu ilikuwa mkononi. Sikuifungua. Nikamwambia kwamba nilikosea. Nikamwambia wasichana walikuwa wawili, nikamweleza namba ya usajili ambayo sikuiangalia, na yule Adhiambo mwingine aliyefika kwao akiwa hai wakati yeye anamngoja wake. Nikamwambia binti yake yupo pale alipokuwa amepiga magoti. Nilisema yote, nikilia, nikapiga magoti mbele yake mimi pia.

Alisikiliza hadi mwisho. Akakaa kwenye kiti alichonivutia mimi.

"Ile siku nilikuuliza kama una hakika. Ulisema nini?"

"Nilisema nina hakika."

"Na leo?"

"Leo nina hakika, Mzee."

"Sasa mara mbili umekuwa na hakika, na haya maneno hayafanani." Hakuwa na ukali hata kidogo. "Mimi nichukue gani?"

Kuku walipita kati yetu. Akainuka, akanishika mkono akaniinua, akanisindikiza hadi barabarani kama mgeni wa heshima.

"Ulikuwa mtoto ile siku," akasema. "Na leo umechoka na safari. Utakumbuka vizuri ukifika nyumbani."

Akarudi ndani ya ua. Nilimwona akiinama tena kwenye magugu.

Jumamosi asubuhi nilirudi Dunga kumuaga Mama Adhiambo. Mitumbwi ilikuwa imeshafika na wanawake walikuwa wakianika dagaa wa omena. Nilimweleza kila neno. Alisikiliza huku akipanga samaki kwa ukubwa, wadogo huku, wakubwa kule.

"Basi mwache," akasema mwishowe. "Katika sisi wawili, wacha mmoja akuwe na mtoto."

Nilimwomba anisindikize kituoni. Akasema ana samaki, jua litawaharibu.

Mnaosoma haya mtataka kujua nilichojifunza, maana mtu hurudi safarini na kitu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikajiandaa hata kupigwa. Sikujiandaa kwa mtu ambaye ningesimama mbele yake na ukweli wote akakosa namna ya kuupokea, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuleta. Waliowaua watoto wale walifanya kazi yao asubuhi moja, ikaisha. Sisi tuliobaki tukaongeza yetu: orodha iliyosomwa haraka, mawe, mkoba uliomwagwa chini watu wakitazama, viti vitupu. Bwana Hamisi atapeleka viti tena mwaka ujao. Alipoulizwa kwa nini, alisema hajui afanye nini kingine.

Basi liliondoka Kisumu saa nne. Jirani yangu, mama mwenye kikapu cha maembe, aliona macho yangu yamevimba akaniuliza nilikuja huku kufanya nini.

"Msiba," nikasema.

"Pole sana, dada. Mmeshazika?"

Nilitazama nje, mashamba ya mpunga ya Ahero yakipita.

"Bado," nikamwambia.