Droni Iliyotiwa Wanja

Kwetu Mtongwe droni hairushwi ovyo: huku kambi ya wanamaji, kule ng'ambo ndege za Airport zinashuka. Kwa hiyo ile yetu ya kuhesabia membe ilikaa sandukuni chumbani kwangu, na mamangu akawa anaitazama kama mjukuu aliyeletwa bila taarifa.

Kazi yangu ni ndege wa baharini. Membe hutaga kwenye kisiwa kidogo cha mawe, kusini, na mimi na wenzangu kazini tulikuwa tukiwahesabu kwa miguu, tukikanyaga huku tukiomba radhi, maana yai lao limefanana na changarawe. Wavuvi walichoka nasi. Wao hufuata membe baharini kujua samaki walipo, na membe wakihama, wao ndio watakaolala njaa. Wakatukubalia droni kwa sharti: tujaribu mara moja tu, mjomba wangu awe nahodha na shahidi. Ndege wakiruka na kuacha mayai, tusionekane tena na kidude chetu.

Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Mjomba alizima mashine mbali na kisiwa, nikairusha droni kutoka mashuani. Kwenye kioo niliwaona membe wamelalia mayai, hakuna aliyenyanyuka. Nikapiga picha zote, nikaanza kuirudisha nikijiona bingwa.

Ikafika juu yetu, ikagoma kushuka. Nikiishusha, inapanda. Nikiishusha tena, inapanda na kusukumwa na upepo kuelekea kisiwani, na betri inakwisha. Niliogopa, sitasema uongo. Niliiona tayari imeanguka katikati ya viota na membe wote wako hewani.

"Kwani haikujui?" mjomba akauliza.

"Yanijua, mjomba. Haitaki tu kushuka."

"Basi imeshaiga tabia za nyumbani kwenu."

Niliivuta mbali na kisiwa, nikakandamiza kijiti cha kushushia bila kukiachilia. Ikateremka shingo upande, kidogo kidogo, mpaka mjomba akaidaka. Kule kisiwani membe walikuwa wametulia vilevile. Nikakaa chini, kwenye maji yaliyotuama mashuani.

Mjomba aliigeuza. Tumboni ina vijicho viwili vya kutazamia chini, ili ijue imebakisha kimo gani. Vyote vilikuwa vyeusi tii. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Huu wanja," akasema. "Wa dadangu."

Nilimkuta mama uani.

"Shikamoo mama. Umeitia wanja ile droni?"

"Marahaba. Majirani wote washakuja kuikodolea macho. Kichanga kitoke nje mara ya kwanza bila wanja? Wataka kipigwe jicho?"

"Mama, uliiziba macho, ikadhani imeshafika chini, ikawa yapanda tu. Nusura ianguke."

"Ilianguka?"

"La."

"Na hao ndege wako?"

"Hakuruka hata mmoja."

Nilipolitamka ndipo liliponiingia. Hakuna yai tulilovunja, na sitalazimika kukanyaga kisiwa kile tena. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na mama akacheka kwa kuwa mimi nacheka.

Jioni mjomba alipita kusema wavuvi wameridhika, turudi tena. Mama akainuka kutafuta kichupa chake cha wanja. Nikaenda kuileta droni mwenyewe, nikaishika tumbo chini, apake mgongoni.